Andikeni pH: habari za chembe za nano zisizotaja asidi zina pengo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo huachwa nje karibu kila mara vyombo vyetu vya habari vinapoandika juu ya chembe za nano za dhahabu na za madini ya fedha. Msomaji huelezwa ni majani ya mti gani yaliyochemshwa, ni chumvi gani ya metali iliyotiwa, rangi ya maji iligeuka vipi na bakteria gani walikufa, lakini haelezwi maji hayo yalikuwa na asidi kiasi gani kazi ilipoanza na ilipomalizika. Mimi ni mwalimu wa kemia, na baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani wamefika vyuo vikuu na kufanya utafiti wa aina hii. Rasimu wanazoniletea nizisome zina pengo hilohilo. Ninaandika kwa sababu katika utengenezaji wa chembe hizi kwa njia ya kemia pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyozidi, si sharti dogo la pembeni. Ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa ukubwa wa chembe, umbo lake na muda zitakaodumu, na wakati mwingine ndiyo inayoamua kama utapata chembe au mashapo tu chini ya chupa.

Kwa msomaji ambaye hakusoma kemia nitaeleza kwa ufupi. Nanomita moja ni sehemu moja kati ya milioni moja za milimita, na chembe ninazozisema huwa na kipenyo cha nanomita 1 hadi 100. Njia ya kawaida ya kuzitengeneza ni kuchukua chumvi ya metali iliyoyeyuka majini, ambamo kila atomu ya metali imepungukiwa na elektroni na hivyo imekuwa ayoni, kisha kuitilia kemikali nyingine iliyo tayari kutoa elektroni. Ayoni ikizipokea hurudi kuwa atomu ya metali, atomu hukusanyika zikawa viini, viini hukua, na kitu fulani, ambacho mara nyingi ni kemikali ileile iliyotoa elektroni, huzifunika chembe ili zisishikamane. Asidi huingia katika kila hatua ya hizo, na haiingii kwa namna moja. Tukumbuke pia kwamba mizani ya pH haiendi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha: myeyusho wenye pH 4 una ayoni za haidrojeni mara 10 ya ule wenye pH 5, na mara 1,000 ya ule wenye pH 7. Anayeandika kwamba myeyusho wake ulikuwa na asidi kidogo hajatuambia kitu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni dhahabu. Mwaka 1857, huko London, Michael Faraday alieleza kwamba dhahabu ikigawanyika kuwa chembe ndogo mno ndani ya maji huyapa maji rangi nyekundu ya yakuti. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake, nchini Marekani, walichunguza kwa kina njia ambayo hadi leo hufundishwa katika maabara nyingi duniani: myeyusho mwepesi wa asidi ya kloroauriki huchemshwa hadi utokote, kisha hutiwa sitrati ya sodiamu, yaani chumvi ya asidi ileile inayoifanya ndimu iwe chachu. Anayesimama karibu na chupa hiyo huiona rangi ya manjano hafifu ikipotea kabisa, maji yakabaki kama hayana kitu ndani yake, halafu unakuja weusi wenye bluu, halafu zambarau, na mwisho wekundu ulioiva. Mwaka 1973 G. Frens alionyesha kwamba kwa kubadilisha kiasi cha sitrati mtu anaweza kuchagua ukubwa: sitrati nyingi huleta chembe ndogo, na sitrati kidogo huleta kubwa.

Kwa muda mrefu maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba sitrati ina kazi mbili, kutoa elektroni na kufunika chembe, na kwamba ikiwa nyingi huvifunika viini mapema kabla havijanenepa. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yalikuwa yamesahau kwamba asidi ya kloroauriki ni asidi na sitrati ni besi, yaani kinyume cha asidi kama ilivyo alkali. Kila unapoongeza sitrati unapandisha pH ya chupa nzima, uwe umekusudia au hukukusudia. Mwaka 2007 kundi la watafiti ambalo Xiaogang Peng alikuwa mmoja wao lilichapisha kazi iliyokuita kubadilisha pH kuwa ni kazi ya tatu ya sitrati, na likaonyesha kwamba ukubwa wa chembe unaifuata pH kwa kiasi kikubwa. Waliona pia kwamba kuna mpaka, kati ya pH 6.2 na 6.5, ambapo safari nzima ya kutengenezeka kwa chembe hubadilika. Chini ya mpaka huo viini huzaliwa kwa kasi, hushikamana ovyo vikawa nyuzi nyembamba, kisha nyuzi hizo hujilainisha zikaishia kuwa chembe za duara. Juu ya mpaka huo viini huzaliwa na kukua polepole, kila kimoja peke yake. Ule weusi wenye bluu unaopita katikati ya kazi umehusishwa na nyuzi hizo, na mimi naona ni jambo la ajabu kwamba vizazi vya wanafunzi waliutazama ukipita bila kuuliza pH ilikuwa ngapi.

Sababu yake inaeleweka mtu akizitazama kemikali mbili hizo kila moja kwa upande wake. Ayoni ya dhahabu katika asidi imezungukwa na kloridi nne, na katika hali hiyo hupokea elektroni upesi. pH ikipanda, ayoni za haidroksidi, ambazo huongezeka majini asidi inapopungua, huzitoa kloridi moja baada ya nyingine na kukaa mahali pake, na kila inapotokea hivyo dhahabu inakuwa nzito zaidi kupokea elektroni. Asidi ya sitriki kwa upande wake ina haidrojeni tatu za kuachia, na huziachia kwa zamu pH inapopita takriban 3.1, 4.8 na 6.4, kadiri inavyoziachia ndivyo inavyokuwa na chaji hasi zaidi na ndivyo inavyoweza kuishika na kuilinda chembe. Kwa hiyo dhahabu inataka asidi ili iende haraka, na sitrati inataka pH ya juu ili ishike vizuri. Hii ndiyo sababu maagizo mawili yanayofanana karibu neno kwa neno huleta matokeo tofauti, kwa mfano iwapo mmoja alitumia sitrati ya sodiamu na mwingine asidi ya sitriki yenyewe, au iwapo vyombo vya mmoja vilisafishwa kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya haidrokloriki, kama ilivyo desturi kwa vyombo vya dhahabu, halafu havikusuuzwa vya kutosha.

Chembe zikishapatikana, asidi bado haijamaliza kazi yake. Sitrati iliyozifunika huzipa chaji hasi, na vitu vyenye chaji ya namna moja husukumana, ndiyo maana chupa ya dhahabu nyekundu inaweza kukaa kwenye kabati miezi mingi bila kuchafuka. Ukidondoshea asidi, ayoni za haidrojeni huikamata sitrati, chaji hupungua, chembe hukaribiana na kushikana, na wekundu hugeuka zambarau, kisha bluu, kisha kila kitu huzama chini. Anayekamulia ndimu kwenye maziwa anaona jambo la jamii hiyohiyo, kwa kuwa protini za maziwa nazo hutenganishwa na chaji, na maziwa hukatika pH inaposhuka hadi karibu 4.6. Chembe za dhahabu zilizogusana metali kwa metali aghalabu hazirudi zilivyokuwa hata ukitia alkali baadaye.

Hapa ndipo suala hili linapoingia katika zahanati zetu. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria ni, katika vipimo vingi, chembe za dhahabu zilizobebeshwa kingamwili zinazoitambua protini ya kimelea. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, vipimo hivi vimekuwa kazi ya kila siku vijijini. Kiwandani, kabla ya kingamwili kuungwa na dhahabu, pH ya dhahabu hupandishwa kwa uangalifu, mara nyingi kwa kaboneti ya potasiamu, hadi iwe juu kidogo ya kiwango ambacho chaji ya kingamwili hiyo husawazika. Ikiwa chini ya hapo, kingamwili huzikusanya chembe badala ya kuzivika, wekundu hupotea, na mstari unaotarajiwa kuonekana kwa macho huwa hafifu. Mhudumu wa afya hawezi kuyajua hayo kwa kuutazama ukanda wa kipimo, wala hatakiwi kuyajua; lakini nchi inayosema itatengeneza vipimo vyake yenyewe inahitaji watu wanaoyajua hayo kwa mikono yao.

Madini ya fedha yana tabia tofauti, na tofauti hiyo inatufundisha kutokuwa na kanuni moja kwa metali zote. Ayoni ya fedha katika nitreti ya fedha haina kloridi za kubadilishana na haidroksidi, kwa hiyo kinachotawala ni kemikali inayotoa elektroni. Katika njia ya sitrati, ambayo P. C. Lee na D. Meisel waliieleza mwaka 1982, pH ikiwa juu sitrati hufanya kazi kwa kasi, viini huwa vingi na chembe nyingi huwa za mviringo, baadhi zikiwa vijiti. pH ikiwa chini kazi hupooza, viini huwa vichache, na vinavyokua polepole huota pembe na kuwa pembetatu au maumbo mengine yenye kingo. Yaani pale ambapo kupanda kwa pH huichelewesha dhahabu, huiharakisha fedha. Vitamini C nayo hutoa elektroni kwa nguvu zaidi inapopoteza haidrojeni yake ya kwanza, karibu na pH 4.1, na kwa sababu hiyo wanaotaka vijiti virefu vya dhahabu huongeza asidi ili kuipunguza kasi. Borohaidraidi ya sodiamu haivumilii asidi hata kidogo: hububujika na kupotea kuwa hewa ya haidrojeni kabla haijaifikia metali, ndiyo maana huandaliwa papo hapo kwa maji ya barafu. Na shaba katika alkali hukupa tope la bluu la haidroksidi usipoweka kitu cha kuishika.

Sasa nirudi kwenye majani, kwa sababu hapo ndipo utafiti mwingi wa vijana wetu ulipo, na ninaupenda utafiti huo. Nitreti ya fedha si bei rahisi, lakini majani ya mwarobaini, ya mlonge au ya chai yapo, jiko lipo, na mwanafunzi anaweza kuona rangi ikigeuka mbele ya macho yake. Ndani ya majani hayo mna tanini na flavonoidi, na ndizo zinazotoa elektroni. Kemikali hizo za jamii ya fenoli hutoa elektroni kwa urahisi zaidi zinapokuwa zimeachia haidrojeni zao, jambo linalotokea katika alkali. Kwa hiyo mara nyingi mtu akipandisha pH rangi huja haraka na chembe huwa ndogo, na akiiacha katika asidi rangi huchelewa na chembe huwa kubwa na zisizolingana. Lakini supu ya majani haina pH moja. Majani machanga na makuukuu hayalingani, wala ya masika na ya kiangazi, wala yaliyochemshwa dakika chache na yaliyolala usiku kucha. Tena kazi yenyewe hubadilisha pH, kwa maana fenoli inapotoa elektroni huachia pia ayoni za haidrojeni, na maji yaliyoanza katika pH 8 bila bafa, yaani mchanganyiko unaoizuia pH isibadilike, yanaweza kumalizika yakiwa yameshuka sana. Kwa hiyo pH iliyopimwa mara moja tu mwanzoni inaeleza nusu ya habari.

Kuna hatari nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Nitreti ya fedha ikitiwa alkali ya kutosha, bila jani lolote, hutoa oksidi ya fedha, na oksidi ya fedha ni ya kahawia. Mtu aliyepandisha pH hadi 11 au 12 kwa haidroksidi ya sodiamu, ile kostiki soda ya watengeneza sabuni, akaona kahawia, anaweza kusema kwa moyo safi kwamba amepata chembe za nano, kumbe sehemu ya kahawia hiyo ni oksidi. Chembe ndogo za mviringo za metali ya fedha hunyonya mwanga kwa kilele kinachoonekana pale urefu wa wimbi la mwanga unapokuwa karibu na nanomita 400. Oksidi haina kilele hicho. Kinachohitajika ni chupa ya kulinganishia: nitreti ileile, pH ileile, joto lilelile, bila majani. Chupa hiyo haina gharama kubwa, na nimeshangaa mara nyingi kuona haimo katika rasimu. Nikiwa hapo, naomba walimu wenzangu wasisahau kwamba oksidi ya fedha iliyoyeyushwa kwa amonia haiwekwi hadi kesho, kwani ikikaa huweza kutoa mashapo yanayolipuka. Hutiwa asidi na kumwagwa siku hiyohiyo kwa utaratibu wa maabara.

Hata jaribio la bakteria, ambalo ndilo linaloingia kwenye vichwa vya habari, halisomeki bila pH. Metali ya fedha katika maji yenye hewa ya oksijeni huyeyuka kidogo kidogo na kutoa ayoni, na huyeyuka zaidi kadiri asidi inavyoongezeka. Ayoni hizo zenyewe huua bakteria. Kwa hiyo duara safi linaloonekana kuzunguka tone la dawa kwenye sahani linaweza kuwa limeletwa na chembe, na ayoni zilizotoka kwenye chembe, na nitreti iliyobaki bila kubadilika, au na asidi ya supu yenyewe, na asiyeandika pH hawezi kututenganishia hayo.

Vilevile maji ya kufanyia kazi yana pH yake. Ukanda wa Bonde la Ufa, pamoja na maeneo ya kuzunguka Mlima Meru, una maji mengi ya ardhini yenye bikaboneti ya sodiamu na floridi, na kwa kawaida ni ya alkali. Arusha ndiko Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela alikobuni chujio la maji linalotumia teknolojia ya nano, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kwa hiyo hamu ya kazi hizi haiwezi kusemwa kuwa ni ya kigeni kwetu. Lakini mwanafunzi anayetumia maji ya bomba kwa sababu yaliyokenekwa yamekwisha amekwisha kuchagua pH bila kujua, na amekwisha kutia bikaboneti na kloridi ambazo hazimo katika maelezo yake. Mwenzake wa pwani akimwiga hatapata alichokipata.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wako wanapopelekewa habari za aina hii waulize pH ilikuwa ngapi mwanzo na mwisho, kama wanavyouliza jina la mti. Kwa wasimamizi wa tafiti naomba zaidi. Kipima pH kisawazishwe kwa bafa tatu, 4, 7 na 10, siku ya kazi na si mwanzo wa muhula. Joto liandikwe pamoja na pH, kwa maana maji safi yasiyo asidi wala alkali, ambayo yana pH 7 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, huwa na pH ya karibu 6.1 yanapochemka kwenye nyuzi 100, na wengi hupima chupa iliyopoa na kuandika kana kwamba walipima inayotokota. Dhahabu isiyo na kinga isitumbukiziwe kipima pH ovyo, kwani hushika kwenye elektrodi na kuiziba. Kwa kazi hiyo karatasi ya pH yenye mgawanyo mdogo ni salama zaidi.

Na namba ya pH peke yake haitoshi. Tuelezwe pia ilifikiwa kwa kutumia nini. Anayeshusha pH ya nitreti ya fedha kwa asidi ya haidrokloriki ataona weupe wa kloridi ya fedha ukitanda chupani mara moja, na fedha yake itakuwa imeondoka kwenye maji kabla majani hayajatiwa, ilhali asidi ya nitriki ingemfikisha kwenye pH ileile bila mashapo hayo. Anayeipandisha kwa amonia ameifunga fedha katika hali nyingine kabisa, isiyolingana na ya mwenzake aliyetumia haidroksidi ya sodiamu, ingawa vipima pH vya wote wawili vitasoma 10.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia,
Morogoro